Shajara ya mradi: Oili inayovuja kwenye Corolla AE100 ya 1994

Gari ni Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1994, injini 5A-FE ya petroli, cc 1498, gia za mkono. Dashibodi inasoma kilomita 231,400. Ninaishi Morogoro. Spea nyingine zipo hapa mjini, nyingine naagiza Kariakoo zinaletwa na basi hadi stendi ya Msamvu. Naandika hatua kwa hatua kwa ajili ya wenye magari ya aina hii, kwa kuwa injini za ukoo huu, yaani 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE, zikizeeka huvuja sehemu zilezile. Bei zote ni shilingi za Tanzania.

14 Juni 2025: Doa na majibu matatu

Mama mwenye nyumba ndiye aliyeanza kuliona. Aliniita asubuhi akanionyesha doa jeusi kwenye sementi ya uani, ukubwa wa sahani. Nikapima oili kwa kijiti: imeshuka chini ya nusu ya alama, na niliijaza wiki tatu zilizopita. Kwa hesabu yangu linapoteza kama nusu lita kila kilomita 800. Tena nikisimama kwenye foleni baada ya mwendo mrefu, harufu ya oili iliyoungua inaingia ndani ya gari. Hiyo ndiyo iliyonitia hofu, maana oili inayodondokea eksozi ya moto si jambo la kungojea.

Nimewapitia mafundi watatu. Wa kwanza aliinama, akapitisha kidole pale injini inapokutana na gia boksi, akasema sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, imekufa: gia boksi ishuke, ufundi 180,000, sili 35,000, na klachi tuitazame hukohuko. Wa pili alisema gasketi ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Wa tatu alitaka aweke oili nzito zaidi ili "ijizibe yenyewe". Hakuna hata mmoja aliyefungua boneti kwa zaidi ya dakika mbili. Siwalaumu sana, kwa sababu injini yenyewe imevaa tope la oili na vumbi la miaka, huoni chuma. Lakini 215,000 sitoi kwa kidole kimoja. Nimeamua sinunui spea yoyote kabla sijaona kwa macho yangu oili inatokea wapi.

15 Juni: Kuosha injini

Mafuta ya taa lita mbili (6,000), brashi ya nywele ngumu (2,500), sabuni ya unga ya nyumbani. Nilifunika distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi), alteneta na mdomo wa kuvutia hewa kwa mifuko ya plastiki na raba bendi, nikapaka mafuta ya taa injini ikiwa imepoa kabisa, nikasugua, nikaacha robo saa, nikasuuza kwa maji ya ndoo. Nilirudia mara mbili. Msipige maji ya mashine ya presha, yanapenya kwenye soketi za umeme.

Kosa langu la kwanza lilitokea hapa. Distribyuta niliifunika, lakini mashimo ya plagi niliyasahau. Gari liliwaka likawa linamisi vibaya, linatikisika mpaka kioo cha pembeni. Nilipong'oa nyaya za plagi nikakuta shimo la pili na la tatu yana maji, na juu ya maji kuna oili nyeusi inaelea. Nilikausha kwa kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi, nikaliacha juani hadi saa tisa alasiri. Likawaka vizuri.

Nusu siku imepotea, ila nimepata jibu nisilolitafuta. Oili haikuwa na kazi yoyote ndani ya shimo la plagi. Ikifika humo, basi sili za mirija ya plagi, zile nne zinazokaa ndani ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), zimeshakauka. Andiko la kwanza kwenye daftari: tapeti kava inavuja, kwa uhakika.

22 Juni: Poda

Baada ya kukauka, nilipuliza poda ya watoto (3,000) kwenye kuta zote za injini: chini ya tapeti kava, upande wa taimingi belti (mkanda unaozungusha kemshafti, mhimili unaofungua vali), upande wa gia boksi, kuzunguka sampu. Poda nyeupe ikiguswa na oili hugeuka kahawia papo hapo, na mchirizi unaonekana ulikoanzia. Chuma kikiwa kimelowa kila mahali macho hayawezi kutofautisha oili ya leo na ya mwaka juzi.

Niliendesha kilomita 12 tu. Nilijua nikizidisha, upepo utaisambaza oili na poda haitasema kitu. Matokeo: mchirizi mnene kutoka kona ya tapeti kava, unashuka kuelekea eksozi, ndiyo ile harufu. Sampu imebaki nyeupe. Upande wa gia boksi kuna kahawia, lakini niliona ni oili hiyohiyo ya tapeti kava imepita pembeni. Nilikosea kwa kuridhika mapema. Nilipoona mvujo mmoja mkubwa niliacha kutafuta wa pili.

28 Juni: Gasketi ya 12,000

Duka la hapa mjini lilikuwa na gasketi ya tapeti kava kwa 12,000, bila sili za mirija ya plagi. Nilipoikunja dukani niliona ni ngumu kidogo, nikajiambia italainika ikipata joto. Haikulainika.

Kufungua ni rahisi: toa nyaya za plagi ukiweka alama za namba, toa mipira ya kupumulia, fungua nati za kofia za juu, pigapiga kava kwa kipande cha mti, inyanyue wima. Kazi ni kusafisha. Gasketi ya zamani ilikuwa imegeuka kama plastiki, ikavunjika vipandevipande, na kila kipande kinataka kudondokea ndani. Ziba mashimo ya kurudisha oili kwa kitambaa safi kabla hujaanza kukwangua.

Nilifunga, nikakaza, nikawasha. Asubuhi yake mvujo ulikuwa mkubwa kuliko mwanzo. Nikafanya ambalo kila mtu hufanya, nikaongeza kukaza. Jioni nikakuta kipande cha gasketi kimetoka nje ya mfereji wake, kimeninginia kama ulimi.

Kipimo cha kukaza nati hizi ni karibu Nm 6. Hiyo ni nguvu ya vidole viwili kwenye spana fupi. Nati yenyewe ina mpira chini yake, na mpira ule ndio unaoshikilia kava. Ukikaza zaidi hubani gasketi, unaisukuma nje, na mbele kidogo utapinda kava au utakata stadi, yaani boliti inayoshika nati. Mipira yangu ya nati nayo ilikuwa imekauka, hivyo hata ningekaza sawasawa kava isingelala vizuri.

Nimepoteza 12,000 na jioni mbili.

5 Julai: Seti kamili, na bado inadondoka

Niliagiza Kariakoo seti kamili: gasketi, sili nne za mirija ya plagi na mipira ya nati. 48,000, na mzigo wa basi 5,000. Gasketi hii unaikunja inarudi yenyewe kama mpira wa manati. Ukiwa dukani jaribu hivyo kabla ya kuuliza bei.

Silikoni (7,000) niliweka tone dogo kwenye kona tu, pale kifuniko cha bearing ya kemshafti kinapokutana na silinda hedi (sehemu ya juu ya injini), kwa sababu pale kuna ngazi ambayo gasketi peke yake haiwezi kuijaza. Kuna mafundi wanaomwaga silikoni kuzunguka kava nzima. Nawasihi msikubali. Inayobanwa kwenda nje mnaiona, lakini inayobanwa kwenda ndani hukatika, husafiri na oili, na mwisho wa safari yake ni chujio la pampu ya oili ndani ya sampu. Likiziba hilo, tutaacha kuzungumzia kuvuja tuanze kuzungumzia injini nzima.

Nilisubiri silikoni ikauke usiku kucha. Matokeo: mashimo ya plagi makavu, eksozi kavu, harufu imekwisha. Nilifurahi sana.

Kisha nikaweka boksi la kadibodi chini ya gari. Asubuhi lilikuwa na matone tisa, yote chini ya kiungo cha injini na gia boksi. Palepale alipoonyesha fundi wa kwanza.

Nilienda kwa mzee mmoja wa mtaa wa pili, fundi wa zamani ambaye sasa hashiki kazi nzito. Nilimwamkia, nikamweleza yote, nikamwambia nadhani sili ya nyuma ni kweli. Alikuja na tochi. Hakuinama chini ya gari. Alimulika kutoka juu, nyuma ya silinda hedi upande wa gia boksi, kwa muda mrefu. Akaniuliza:

"Mwanangu, sili ya krenki iko wapi, juu au chini?"

"Chini, mzee."

"Na hapa pamelowa. Oili inapanda mlima?"

Aliponishikisha pale, kidole kilitoka cheusi. Ilikuwa juu kabisa, chini ya distribyuta, sentimita nyingi juu ya sili ya krenki. Kutoka hapo oili inashuka kwa mgongo wa injini, inaingia kwenye kiungo cha gia boksi na kudondoka chini kabisa. Mtu aliyelala chini ya gari anaona mwisho wa safari tu. Lile kahawia nililolidharau tarehe 22 lilikuwa ndilo hili.

7 Julai: Sabasaba, siku ya distribyuta

Sikukuu, hakuna kazi, nimefanya hili peke yangu.

Kwenye injini hii distribyuta imechomekwa mwisho wa silinda hedi na inazungushwa na kemshafti moja kwa moja. Shingo yake ina oringi moja, pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Kabla ya kuing'oa nilifungua kifuniko chake: ndani pakavu. Hiyo ni habari njema, maana distribyuta ina sili nyingine ya ndani kwenye mhimili wake, na ile ikifa utakuta oili ndani ya kifuniko na kazi inakuwa kubwa zaidi. Yangu ni oringi ya nje tu.

Boliti mbili za 12, inatoka kwa kuizungusha huku ukiivuta. Oringi ilikuwa bapa, ngumu, ukiiminya kwa kucha haibonyei. Ilivunjika nilipoinyanyua kwa bisibisi.

Hapa nimefanya makosa mawili, na yote mawili yamenigharimu.

La kwanza ni alama. Distribyuta hufungwa kwenye matundu marefu ili iweze kuzungushwa kurekebisha taimingi ya cheche, kwa hiyo lazima uweke alama kabla ya kulegeza. Niliweka, lakini kwa kalamu ya maka. Kisha nikasafisha uso wa chuma kwa petroli na alama ikaondoka na uchafu. Kwaruza kwa msumari, mstari mmoja unaopita kwenye distribyuta na kwenye hedi. Chuma hakifutiki.

La pili ni oringi yenyewe. Maduka ya spea yalifungwa kwa sikukuu, lakini la vifaa vya bomba lilikuwa wazi. Nilipata oringi ya bomba la maji, kipimo kilekile kabisa, kwa 500. Ilikaa vizuri mno. Nikafunga distribyuta kwa kukadiria nilivyoikuta.

13 Julai: Taimingi

Boksi chini ya gari ni kavu, lakini gari si lile. Nikipanda kilima na gia ya tatu injini inagonga, sauti kama njugu kwenye kopo. Cheche inawahi.

Fundi umeme mmoja alikuwa na taa ya taimingi, tukakubaliana 15,000 pamoja na kunionyesha. Kwa wenye injini hii: likiwa limepata joto na limewashwa bila kukanyaga mafuta, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kile kiboksi cha uchunguzi chini ya boneti. Bila kufanya hivyo kompyuta inaendelea kurekebisha cheche yenyewe na taa itakudanganya. Mulika puli ya krenki, mkato wake usimame kwenye digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Yangu ilikuwa imepita 10 kwa mbali. Tulizungusha distribyuta kidogo mno, upana wa ukucha, ikakaa. Tukakaza, tukatoa waya. Safari hii nikakwaruza alama kwa msumari.

19 Julai: Oringi imevimba, na sababu ya yote

Siku ya kumi na mbili. Matone manne kwenye boksi.

Niling'oa distribyuta tena. Oringi ya bomba ilikuwa imevimba, imekuwa laini kama ufizi, na upande mmoja imekatika. Mpira wa vifaa vya maji mara nyingi ni wa aina isiyoelewana na oili ya injini: unainyonya, unatuna, unapoteza nguvu. Kinachotakiwa ni mpira wa naitrili, ambao pakiti zake huandikwa NBR. Nilipata sahihi kwa 6,000, nikaipaka oili safi kabla ya kuiingiza ili isijikunje. Kurudisha distribyuta kwenye alama kulichukua dakika kumi.

Mzee alipita jioni kunisalimu. Akaniambia niwashe gari, nifungue kifuniko cha kujazia oili, niweke kiganja. Upepo ukanipiga mkononi, pu pu pu, na matone madogo ya oili.

"Injini yako haipumui," akasema. "Utabadilisha sili mpaka uchoke."

Maelezo kwa asiyejua. Kila pistoni inaposukumwa, gesi kidogo hupenya kwenye ringi na kuingia chini, kwenye chumba cha krenki. Injini mpya nayo ni hivyo, na gari lililotembea kilomita 231,000 ni zaidi. Gesi hiyo inatakiwa kuvutwa kurudi kwenye manifoldi ya hewa ikaungue, na njia yake inapita kwenye vali ya PCV, kidude cha ukubwa wa kidole gumba kilichochomekwa kwenye tapeti kava. Vali ikiziba, presha haina pa kwenda. Inatafuta palipo dhaifu: oringi iliyozeeka, sili iliyokauka, gasketi ngumu ya 12,000.

Nilichomoa yangu na kuitikisa. Vali nzima hulia chakachaka, yangu ilikuwa bubu. Nilipuliza kutoka upande wa injini, ambako hewa inatakiwa kupita kwa urahisi, haikupita kabisa. Niliiloweka kwenye petroli saa mbili, ikaanza kupitisha kidogo, lakini nikipuliza upande wa pili napo ikapitisha vilevile, wakati huko inatakiwa igome. Nilinunua mpya, 22,000, na mpira wake wa kuelekea manifoldi 4,000, maana wa zamani ulikuwa na ufa chini palipojificha.

Baada ya kufunga nilirudia jaribio la kiganja. Hakuna upepo, kuna mvuto mdogo, kipande cha karatasi kililala juu ya mdomo kikabaki hapo. Ningejua, hili ndilo ningelifanya tarehe 14 Juni, kabla ya brashi na mafuta ya taa. Ni jaribio la nusu dakika lisilo na gharama.

Huenda vilevile lile kosa la gasketi ya kwanza halikuwa la gasketi peke yake. Presha ilikuwa inaisukuma kwa ndani wakati mimi naibana kwa nje.

26 Julai: Oili mpya

Nimemwaga oili yote na kuweka 10W-40 mpya, lita nne kwa 58,000, filta 12,000. Imeingia lita tatu na kidogo, iliyobaki naihifadhi ya kujazia. Nimeosha tena mgongo wa injini na kupuliza poda iliyobaki. Kilomita 60 za mizunguko ya mjini: nyeupe kila mahali, isipokuwa unyevu mwembamba chini ya kifuniko cha taimingi belti. Nadhani ni sili ya mbele ya krenki inaanza. Haijafikia kudondoka. Kuifikia lazima belti ivuliwe, na belti nitaibadilisha mwakani, kwa hiyo vitafanyika pamoja, na sili ya kemshafti nayo. Sifungui kazi ileile mara mbili.

10 Agosti: Dar na kurudi

Baada ya Nanenane nilikwenda Dar es Salaam na kurudi, karibu kilomita 400, nikiwa na abiria wanne na magunia mawili ya mchele. Nilipima oili kabla ya kuondoka na asubuhi baada ya kurudi, gari likiwa limesimama pale pale uani. Kijiti kimesoma palepale. Boksi la kadibodi lina doa moja dogo upande wa taimingi belti, hakuna kitu upande wa gia boksi. Sili ya nyuma ya krenki haijaguswa na mtu.

Hesabu: kuosha na poda 11,500, gasketi ya kwanza 12,000, seti ya pili na usafiri 53,000, silikoni 7,000, oringi mbili 6,500, vali ya PCV na mpira wake 26,000, taa ya taimingi 15,000, oili na filta 70,000. Jumla 201,000. Ukitoa oili na filta, ambazo zilikuwa zinakaribia muda wake, kuvuja kwenyewe kumenigharimu 131,000, na kati ya hizo 27,500 zilitokana na makosa yangu: gasketi ngumu, oringi ya bomba na alama iliyofutika.

Mama mwenye nyumba nimemnunulia mfuko wa sementi. Jumamosi ijayo naisugua ile sehemu ya uani na kuipiga upya. Andiko linalofuata litakuwa la taimingi belti.